Nyanya Hafungiwi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Gaceri alimpikia nyanya yake uji na kumsaidia kufunga vifungo vya sweta. Nyanya Nyaguthii alikuwa ameshona sare za shule mjini Isiolo kwa miaka thelathini. Siku hizi alishona mkono wa shati mahali pa kola, na jina la Gaceri lilimponyoka katikati ya mazungumzo.

Jumanne moja nyanya alitoka peke yake. Alipatikana kwenye barabara ya Ngaremara, malori yakimpita, akiuliza njia ya kwenda kwa mama yake aliyefariki zamani.

Jioni, Mworia, baba yake Gaceri, alirudi na kufuli. Jirani yao Warigia alimfuata.

"Huyo amerogwa," Warigia alisema. "Mfungie kabla hajakuletea aibu."

Gaceri alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyanya, mikono ameitanua.

"Hafungiwi!"

"Gaceri, toka hapo."

"Sitoki, Baba. Nichape ukitaka. Mbuzi ndio hufungiwa, si mtu aliyekulea."

"Unanijibu hivyo mimi?" Baba alisogea hatua moja. "Leo nusura agongwe na lori! Unadhani napenda?"

"Basi tumpeleke hospitali. Mwalimu alisema hata ubongo huugua."

Warigia alicheka. "Uzee hauna dawa."

"Na huo uchawi, nani ameupima?" Gaceri aliuliza, bila kusogea.

Baba alimtazama mama yake aliyeketi kitandani akitabasamu kama mgeni. Akatia kufuli mfukoni.

Kesho yake hospitalini, Daktari Akai alimpima nyanya na kumuuliza maswali mengi.

"Presha iko juu sana. Anameza dawa?"

"Aliacha miaka mingi iliyopita," baba alikiri. "Alisema amepona."

"Presha imeharibu mishipa midogo ya ubongo. Huu ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Una visababishi vingi, lakini uchawi si kimojawapo, na si kila mzee huupata. Kilichopotea hakitarudi. Ila akimeza dawa na asiachwe peke yake, tunaweza kuupunguzia kasi."

Wakapanga zamu za kukaa naye nyumbani. Gaceri alishona namba ya simu ya baba kwenye pindo la kila gauni la nyanya.

Jumapili, Warigia alipoanza tena habari za uchawi, baba alimkatiza.

"Mama ni mgonjwa, na ugonjwa si aibu. Nilikuwa na hofu, nikaiita busara." Akamgeukia Gaceri. "Kumheshimu mkubwa si kunyamaza akikosea, mwanangu. Ni kumwambia ukweli, kisha kumsaidia kuufuata."