Nduaro Ambaye Hakuhesabiwa

Jumatano, tarehe 12 Machi. Asubuhi hiyo hakukuwa na upepo hata wa kutikisa bendera ya gati. Mbingu ilikuwa nyeupe kama maji ya mchele, na bahari ilikuwa ya kijani, nzito, vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Ilikuwa wiki ya tatu hivyo. Boti za uvuvi wa mchezo zilitoka na wateja wao na kurudi na fulusi wawili na jodari wa kujaza kikaango, basi. Nduaro, yule samaki mkubwa wa pua ndefu ambaye watu husafiri mbali kumfuata, alikuwa ameyahama maji yale bila kumuaga mtu.

Saa moja kasorobo, maji yalipokupwa, mlinzi wa gati aliuona mwili juu ya mwamba.

Inspekta alisali ndani ya gari kabla ya kushuka. Mwezi uliopita alimzika mama yake, na tangu hapo maneno ya sala yalimtoka mdomoni huku moyo umekaa kimya. Alisali hivyo hivyo, kama mtu anayemwagilia mti mkavu kwa sababu saa ya kumwagilia imefika. Kisha akaenda kumtazama marehemu, naye hakuhisi kitu. Majeraha ya rafadha, yale mapanga ya injini yanayosukuma boti, yalikuwa begani na kichwani. Miguu ilikuwa mitupu, na mikono haikuwa na alama yoyote.

"Huyu alikuwa mshika-waya wa boti ile ya buluu," mlinzi alisema. "Mteja anavuta kwa fimbo, Afande, lakini samaki akifika nyuma ya boti, mtu wa kuukamata waya wa mwisho ni yeye, kwa mikono. Na akiugusa tu, samaki amehesabiwa kuwa mteja amempata, hata waya ukikatika akaenda zake. Hiyo ndiyo kanuni. Nimeona wazee wazima wakilia kwa furaha waya ulipoguswa."

Nahodha wa boti ya buluu alikuwa ameketi kwenye kreti la barafu. Macho yalikuwa mekundu.

"Nieleze tena, taratibu," Inspekta alisema.

"Nilishamweleza mwenzako jana, Afande."

"Na mimi sikuwepo."

Nahodha alivuta pumzi. "Alasiri, maji makuu, mbali kabisa. Nduaro akala. Mteja akapigana naye mpaka akafika. Marehemu akaushika waya. Nilikuwa narudisha boti nyuma, nikataka kuweka gia huru, gia ikagoma. Samaki akamvuta, akaanguka, rafadha ikampata. Tulimtafuta mpaka giza. Anayejua habari za gia ni Fundi. Aliifungua Jumapili, siku ile ile aliyogombana na marehemu mbele ya watu."

Fundi alikuwa mahabusu tangu usiku. Alikuwa kaka wa mke wa marehemu, na kama maneno ya Nahodha yangesimama, angeshtakiwa kwa kifo cha shemeji yake. Inspekta alimtoa, akamleta botini akiwa na pingu, akamwamuru awashe injini. Gia iliingia, ikatoka, ikaingia, laini kama siagi.

"Leo imekubali," Nahodha alisema.

"Mligombania nini Jumapili?" Inspekta alimuuliza Fundi.

"Nilimwambia aache kazi hii. Nilimwambia, shemeji, Nahodha wako siku hizi anaendesha kama mwenye homa, samaki wamemkosesha akili. Akaniambia mimi ni fundi wa vyuma, si fundi wa watu."

Kwenye kabati la boti Inspekta alikuta glavu nene za ngozi, kavu, moja imekunjwa ndani ya nyingine. Alimpelekea mjane, aliyekuwa amesimama gatini na kanga mbili begani, halii, anatazama tu maji.

"Alikuwa na jozi ngapi, dada?"

"Hii moja. Hapa kwenye kidole gumba nilishona mimi." Alizipapasa zile nyuzi. "Hukunja hivi akimaliza kazi."

"Angeshika waya bila glavu?"

"Afande, mume wangu hakuwa mjinga."

Jambo la pili alilipata kwa nahodha wa boti jirani, ambaye wote walimwita Kibonge. Alimuuliza kama jana alisikia redioni kwamba kuna nduaro.

"Kwa huyu wa buluu? Sikusikia kitu. Na akipata samaki hakai kimya, Afande. Huyu akipata fulusi, tunajua mpaka atakavyomkaanga."

"Maiti iliyoanguka maji makuu ingefika mwambani kwa usiku mmoja?"

Kibonge alitazama bendera iliyolala. "Ingepanda nini? Upepo hakuna."

Mteja alikuwa chumbani hotelini, begi limefungwa, viatu vya safari miguuni. Maelezo yake yalikuwa yale yale ya Nahodha, neno kwa neno, kama watoto wawili waliofundishwa shairi na mwalimu mmoja. Inspekta aliyasikiliza mpaka mwisho. Hakupinga. Akauliza tu, kama mtu anayepoteza muda:

"Umevua muda mrefu?"

"Miaka kumi na moja."

"Na nduaro umepata wangapi?"

"Bado." Mteja aliangalia viganja vyake. "Kila mwaka nasema mwaka huu. Bado."

Inspekta alisimama. "Chukua kofia. Twende gatini."

Aliwasimamisha nyuma ya boti ya buluu: Nahodha, Mteja, Fundi na pingu zake. Mjane alikuwa gatini, na nyuma yake mlinzi, Kibonge na mabaharia wengine waliokosa pa kwenda siku hiyo.

"Nahodha, marehemu aliushika waya?"

"Aliushika. Nimesema."

"Basi samaki alihesabiwa. Kanuni mnaijua nyote. Lakini Mteja, aliyemngoja samaki huyo miaka kumi na moja, ameniambia sasa hivi kwamba hajapata hata mmoja." Hakupandisha sauti. "Hakukuwa na waya. Hakukuwa na nduaro. Glavu zilikuwa kabatini kwa sababu kazi ya kuvua ilikwisha. Alivua viatu akazamia. Kwa nini?"

Mteja ndiye aliyejibu, akizungumza na sakafu ya boti.

"Tulikuwa tunarudi. Kamba ya wavu uliopotea ikajizungusha kwenye rafadha, karibu na mwamba. Akashuka kuikata. Mimi nikaona ndege wanashuka majini, kundi kubwa, na kitu kikaruka. Nikapiga kelele, nduaro, nduaro. Naye..." Alimwelekea Nahodha, akashindwa.

"Nikaingiza gia," Nahodha alisema. Aliketi. "Wiki tatu, Afande. Wiki tatu wananicheka. Kwa dakika ile nilisahau kama yuko chini. Nilisahau tu."

"Na baadaye ukakumbuka kumtafuta maji makuu, mahali ambapo hayupo."

"Anayevutwa na samaki gia ikiwa mbovu, nahodha halaumiwi. Anayekufa kwa nahodha kuingiza gia, leseni inakwenda. Bila boti mimi ni nani?" Alipangusa uso. Alipoinua kichwa, sauti ilikuwa nyingine, kavu. "Hapa nimesema kwa uchungu. Mahakamani nitasema gia iligoma. Huyu anaondoka leo jioni. Tutabaki mimi na Fundi, neno langu dhidi ya lake."

Inspekta alijua ni kweli: bila shahidi aliyeona kwa macho, ungamo lililokanwa lisingetosha. Fundi alitazama pingu zake.

Mjane alishuka ngazi ya gati, akaingia botini, akasimama mbele ya Mteja.

"Kweli unaondoka leo?"

"Ndege ni saa mbili."

"Mume wangu amekwenda. Kaka yangu ndiye niliyebaki naye." Alisema hivyo kama anayesoma bei dukani. "Utafanya nini?"

Mteja alinong'ona kitu.

"Usiniambie mimi. Waambie hao."

Mteja akageuka kuwaelekea watu wa gati. Akavua kofia.

"Sipandi ndege," alisema, na sauti ikamkatika, akaianza upya. "Nitasimama mahakamani siku yoyote nitakayoitwa. Nitasema mimi ndiye niliyepiga kelele, Nahodha ndiye aliyeingiza gia, na Fundi hana kosa. Mungu anasikia, nanyi mmesikia."