Prossy Aenda Kuuliza Chuoni

Lomoro ni fundi wa nguo. Kibanda chake kiko mtaa wa Kator, karibu na kanisa kuu. Binti yake, Prossy, anasomea ukunga. Alikuwa mwaka wa pili, na walimu walimsifu sana.

Siku moja Lomoro alianguka kutoka kwenye bodaboda. Mkono wake wa kulia ukavunjika. Prossy akaacha masomo kimya kimya, akaketi kwenye cherehani badala ya baba yake.

Asubuhi moja alikuja Mwalimu Zilpah, Mkenya anayefundisha shule ya jirani. Alileta sketi ipunguzwe kiuno.

"Prossy, mbona leo hujaenda chuoni?"

Prossy aliinama. "Nimeacha, Mwalimu. Karo imetushinda."

"Umewaambia wakuu wa chuo?"

"Hapana. Naona haya."

"Malesh, utuwie radhi, Mwalimu," Lomoro, aliyekuwa ameketi pembeni, alisema kwa huzuni. "Hii mkono haifanyi kazi. Pesa itatoka wapi?"

Zilpah akaketi. "Vyuo vingi vina msaada wa karo. Wengine husaidiwa kwa sababu wamefaulu vizuri, wengine kwa sababu wamepatwa na shida. Lakini wasipojua hali yako, watakusaidiaje?"

"Sisi si ombaomba!" Lomoro alifoka.

"Baba Prossy, mimi mwenyewe nilisoma kwa msaada kama huo. Je, mimi ni ombaomba?"

Lomoro akacheka kidogo. "Hapana. Basi aende lini?"

"Leo. Maombi yana siku ya mwisho. Prossy, nenda ofisi ya wanafunzi. Beba matokeo yako na barua ya hospitali. Sema ukweli. Na mtu akitaka hongo, usimpe."

Prossy akaenda. Mama wa ofisini alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hukuja mapema?"

"Nilidhani mtanifukuza."

"Tungekufukuza kwa kuuliza?"

Baada ya wiki chache jibu lilikuja. Chuo kilimsamehe nusu ya karo. Nusu nyingine angelipa kidogo kidogo, kwa kufanya kazi maktaba kila alasiri. Sharti lilikuwa moja: alama zake zisishuke. Hazikushuka.

Sasa Prossy yuko mwaka wa tatu. Juzi alimkuta mwenzake, Ajok, akifungasha vitabu vyake huku akilia. Mjomba aliyemlipia karo alikuwa amefariki.

"Umeuliza ofisini?"

Ajok alitikisa kichwa kuonyesha kwamba bado.

Prossy akamshika mkono. "Pole, dada. Futa machozi. Twende sasa, kabla hawajafunga."