Aliyeitika kwa Jina la Kamaria

Basi wanangu, ilianzia kwa kidole. Kamaria wa Mambrui alikiweka kwenye ile mashine ya bima ya serikali pale hospitalini, mashine ikasema hakina alama. Akakifuta kwa leso, akakiweka tena. Wapi! Kitupu kama ganda la yai.

"Ngoja, dada, nitakuita," akasema Kaingu, karani wa dirishani. "Idhini ikija, waitika pale pale, twajaribu kidole tena, mtoto aingia kupasuliwa."

Mtoto mwenyewe ni Ayman, ana tundu moyoni. Akilia, midomo yawa zambarau. Daktari alishasema: asipopasuliwa, vuli hataiona.

Wakangoja, Kamaria na mamake, Bi Hafswa, Ayman mikononi. Watu wakapungua. Adhana ya magharibi ilipoanza, jina likaitwa.

"Kamaria!"

Kamaria akainuka. Mamake akamdaka mkono. "Usiitike! Magharibi hii? Binadamu huita mara mbili, jini mara moja."

"Mama, huyo ni karani!"

"Ngoja la pili. Wapungukiwa na nini?"

La pili halikuja. Nyuma yao, kwenye mabenchi matupu, mtu akaitika, "Abee!" kwa sauti ya Kamaria mwenyewe, na harufu ya udi na mwani uliooza ikapita katikati yao, na kitu baridi kikamgusa Kamaria bega, na nyayo za maji zikachomoza sakafuni, moja, nyingine, nyingine, bila mguu, mpaka dirishani, na ile mashine iliyomkataa ikalia, pii.

Kamaria akakimbia. "Kaka, Kamaria ni mimi!"

"Usinitanie, dada. Si umeweka kidole sasa hivi? Mtoto wako ameshaingia."

"Mtoto wangu huyu hapa nimembeba!"

Kaingu akamtazama Ayman, akaitazama mashine. "Idhini ni moja," akanong'ona. "Imeshatumika." Akafunga dirisha.

Nyumbani wakamwita Mwalimu Muhdhar afukuze jini; akasoma, akafukiza, akachoka. "Hapa hapana kitu, Bi Hafswa," akasema. "Kitu kimelazwa kule hospitalini. Na kule nani ataniacha niingie na chetezo?"

Ijumaa asubuhi simu ikalia. Muuguzi, furaha tele. "Mama Ayman? Hongera! Mwanao ameamka, ala uji, acheka. Njooni mumchukue."

Bi Hafswa akanyoosha mkono aizime. "Niache, mama," akasema Kamaria. Akaisogeza simu mdomoni.

"Hilo tundu," akauliza polepole, "limezibika kweli?"

"Limezibika, mamangu! Moyo wapiga kama ngoma."

Kamaria akaweka kiganja kifuani mwa Ayman, akangoja kuisikia hiyo ngoma.