Ridhaa ya Bi Mahira

Bi Mahira huuza mbaazi za nazi na mahamri mlangoni kwake, Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale. Huamka kabla ya alfajiri. Husali, kisha huteleka mbaazi. Ikifika saa moja asubuhi, watu wameshakuja na mabakuli yao. Yeye hukaa chini. Juu anakaa mwanawe Faiz, mwenye duka la viungo katika soko la Marikiti, pamoja na mkewe Jannat.

Nitalisema wazi tatizo la Bi Mahira, maana kufichaficha ndiko kulikoleta mambo yote haya. Bi Mahira alikuwa hapati choo vizuri. Alikaa siku tatu, hata nne. Akienda, anaumia. Tumbo lilijaa likawa zito, na hata mbaazi zake mwenyewe hakuweza kuzila. Alivumilia hivyo miaka mingi. Hakumwambia mtu.

Kwao, mambo ya chooni hayakuzungumzwa. Mumewe, marehemu Abdulhalim, aliona damu katika choo kwa miaka miwili. Bi Mahira aligundua alipokuwa akifua nguo. Alipomuuliza, Abdulhalim alifunga dirisha kwanza. Nyumba za Mji wa Kale zimekaribiana. Dirisha la huyu linatazama dirisha la yule.

"Nyamaza," Abdulhalim alisema. "Watu watasikia."

Bi Mahira akanyamaza. Walipofika hospitali, saratani ya utumbo ilikuwa imeshaenea. Daktari aliwaambia wamechelewa. Bi Mahira hajalisahau neno hilo mpaka leo.

Mwaka wa pili baada ya msiba, Jannat alirudi kutoka kliniki na habari.

"Mama, kliniki kuna utafiti wa tumbo. Wanatafuta watu wasiopata choo vizuri."

"Na nani kakwambia mimi sipati choo?"

"Mama, choo cha nyumba hii ni kimoja," Jannat alisema taratibu. "Mwenye kungoja mlangoni ni mimi."

Bi Mahira aliona haya. Lakini alimkumbuka Abdulhalim, akasema huyo muuguzi na aje.

Muuguzi wa utafiti alikuwa Kadzo, mwenyeji wa Kaloleni. Alikuja Jumamosi, Faiz akiwa nyumbani. Aliamkia, akaketi, akatoa karatasi.

"Tumboni mna vijidudu vingi sana," alieleza. "Si vyote vibaya. Kuna vyema, vinavyosaidia tumbo kufanya kazi. Navyo vinahitaji chakula. Chakula chao kimo katika vitunguu, thomu, kunde na ndizi mbichi. Watafiti wamekitoa chakula hicho katika mzizi wa mmea, wakakisaga kuwa unga. Sasa tunataka kujua: unga huu unawasaidia watu wasiopata choo, au hausaidii?"

"Kwa hivyo hamjui," alisema Faiz. "Hamjui, na mwataka kumjaribia mamangu."

"Kweli, hatujui bado. Tungejua, tusingefanya utafiti. Lakini tunajua kwamba hauna sumu. Kamati ya maadili imeukagua kabla hatujagonga mlango wa mtu." Kadzo alimgeukia Bi Mahira. "Kuna jambo jingine, mama. Nusu ya watu watapewa unga wenye chakula hicho. Nusu watapewa unga mtupu, unaofanana nao kwa rangi na ladha. Kompyuta ndiyo itakayochagua, kwa bahati. Wewe hutajua umepata upi. Hata mimi sitajua."

"Kwa nini mnatufumba macho?"

"Kwa sababu mtu akijua amepewa dawa, huweza kujihisi amepona hata kama hajapona. Nami nikijua, nitakutazama kwa jicho hilo. Mwisho wa utafiti, kila mtu ataambiwa lake."

Faiz alinyoosha mkono. "Lete kalamu nitie sahihi. Mimi ndiye mwanawe."

Kadzo hakumpa. "Hii inaitwa fomu ya ridhaa, kaka. Ridhaa ni ya mama mwenyewe. Nawe, mama, ukikataa, kliniki utatibiwa kama kawaida. Ukikubali leo na kesho ukataka kutoka, utatoka. Hakuna atakayekukasirikia."

Bi Mahira alitazama chini. Kadzo alingoja.

"Siku ya ndoa yangu," Bi Mahira alisema mwishowe, "walikuja kuniuliza kama nimeridhia. Nilinyamaza. Wazee wakasema, kanyamaza, karidhia. Ikatosha."

"Hapa kunyamaza hakutoshi, mama. Hapa lazima useme."

Bi Mahira alimwomba amsomee karatasi yote tena. Aliuliza maswali mawili. Kisha akasema, "Nimekubali," akatia sahihi yake.

Utafiti ulikuwa wa wiki kumi na mbili. Kila siku alitakiwa kukoroga pakiti moja katika glasi ya maji, anywe, kisha atie alama katika kadi. Kila wiki Kadzo alikuja kuhesabu pakiti tupu na kuuliza maswali.

Sasa sikiliza kosa lilivyoingia. Tangu mumewe afariki, Bi Mahira alikuwa akifunga Jumatatu na Alhamisi, funga za sunna. Nyumbani walijua. Nje hakumwambia mtu, maana ibada ya sunna si ya kutangaza. Siku za kufunga hakunywa unga. Lakini alijiona ana deni. Funga ya Ramadhani ikikupita, si unailipa? Basi na unga akaulipa vivyo hivyo. Jumanne alikunywa pakiti mbili, na Ijumaa pakiti mbili. Katika kadi alitia alama siku zote saba. Kadzo alipohesabu pakiti tupu, zilikuwa saba kamili.

Wiki ya tatu Kadzo aliuliza, "Mama, wiki hii ulifunga?"

Bi Mahira alishtuka. Nani kamwambia huyu kuhusu funga zake? Kusema ndiyo ni kujionyesha. Kusema siyo ni uongo. Alinyamaza, akaanza kukunja leso yake.

Kadzo alikuwa akiuliza kuhusu kufunga choo. Alimngoja kidogo. Aliona mama ana haya, naye alikuwa na nyumba nyingine tatu za kwenda. Akaandika: hakufunga. Wiki zilizofuata mambo yakawa yale yale. Wote wawili walikosea hapo, nami simtetei yeyote.

Wiki ya sita tumbo la Bi Mahira liliuma sana. Lilivimba likawa gumu. Ilikuwa Ijumaa, na choo alikuwa hajapata tangu Jumapili. Jannat alishuka kuchukua mahamri, akamkuta ameshika ukingo wa meza, jasho linamtoka.

"Mama, una nini?"

"Tumbo tu."

Jannat alisimama pale pale. Marehemu Abdulhalim alikuwa akijibu hivyo hivyo. Bi Mahira naye alisikia alivyojibu, akaogopa. Aliketi, akaanza kulia.

"Mpigie Kadzo," alisema. "Na Faiz mwambie afunge duka aje."

Kadzo alifika kabla ya adhuhuri. Faiz alisimama mlangoni, amenuna.

"Niliwaambia mimi," alisema. "Unga wenu huo."

"Mwache mama aseme kwanza," Kadzo alijibu.

Bi Mahira alisema yote. Alisema funga zake za Jumatatu na Alhamisi. Alisema pakiti alizozilipa, na alama za uongo katika kadi. Alisema siku ngapi hapati choo, na jinsi anavyoumia. Hakuacha kitu.

"Uliponiuliza kama nilifunga, nilidhani waniuliza saumu yangu," alimaliza. "Ndipo nikanyamaza."

Kadzo alifunika uso kwa mikono. "Mimi nilikuuliza kuhusu choo," alisema. "Tena nilikwambia kunyamaza hakutoshi, kisha mimi mwenyewe nikaandika ukimya wako kuwa jibu. Nisamehe, mama."

"Tusameheane. Sasa mtanitoa?"

"Hatutakutoa kwa kusema kweli. Makosa tutayaandika, yako na yangu. Wakati wa kupiga hesabu, watafiti watajua siku zipi zilikwenda kombo. Lakini sikiliza. Unga wa utafiti haulipwi. Siku ikipita, imepita. Unaandika kwamba hukunywa, basi. Ukizidisha, unaweza kujiumiza. Na siku ya kufunga ungeweza kuunywa baada ya kufuturu. Sisi ndio tuliokosa kuliuliza hilo tangu mwanzo."

Bi Mahira aliuliza swali lililokuwa moyoni mwake. "Je, ni ugonjwa wa Abdulhalim huu?"

"Leo utaonwa na daktari wa utafiti. Si wa kusubiri. Marehemu aliugua nini hasa?"

Bi Mahira akamweleza. Hakulifunga dirisha.

"Ugonjwa huo mara nyingine hufuata damu ya ukoo," Kadzo alisema. "Wewe ulikuwa mkewe, si ndugu yake wa damu. Wa kuchunguzwa mapema ni watoto wake, hasa mwenye kuona damu katika choo."

Bi Mahira aligeuka kumtazama Faiz. Faiz alikuwa akitazama sakafu.

"Faiz?"

Faiz hakujibu.

"Mwanangu, kunyamaza hakutoshi."

Jannat alimshika mumewe mkono. Faiz alimgeukia mama yake.

"Naona damu, Mama," alisema. "Mwezi wa nne sasa."

Bi Mahira alitaka kupiga kelele. Badala yake alimvuta mwanawe akamkalisha karibu naye, kama alipokuwa mdogo.

Siku ile walikwenda wote. Daktari alimpima Bi Mahira, hakuona ugonjwa mbaya. Alimwambia tatizo lake kubwa ni maji. Tangu zamani hakunywa maji ya kutosha, na sasa alikuwa akifunga siku mbili kwa wiki, na usiku anakunywa glasi moja tu. Alimpa dawa ya kulainisha choo, akamwambia anywe maji mengi kati ya futari na daku.

Faiz alipelekwa hospitali kubwa. Walimtazama utumbo kwa mpira mwembamba wenye kamera. Walikuta vinyama viwili vilivyoota ndani. Wakavitoa, wakavipima. Vilikuwa havijageuka saratani.

"Mmewahi," daktari alisema. "Mngekaa miaka mingine miwili, ningesema jambo jingine." Bi Mahira alimwomba aliseme tena neno lile la kwanza.

Bi Mahira alimaliza wiki zake kumi na mbili. Siku za saumu alikunywa unga baada ya kufuturu. Alikunywa maji, akaongeza mboga katika chakula chake, na choo kikaanza kupatikana. Fomu ya utafiti nayo ilibadilishwa. Sasa wauguzi huuliza, "Ulikaa siku ngapi bila kupata choo?" Na kuhusu saumu huuliza swali la peke yake.

Utafiti ulipokwisha, Kadzo alirudi na bahasha. Aliifungua mbele yao.

"Mama, ulipata unga mtupu."

Bi Mahira aliishika bahasha. "Mtupu kabisa? Na tumbo lile lililovimba?"

"Halikutokana na unga. Ndiyo maana tunahitaji watu wa unga mtupu. Bila ninyi, maumivu yako yangesingiziwa dawa. Na nafuu yako pia ingesifiwa dawa, kumbe ni maji na mboga. Hesabu ya watu wote bado inapigwa. Jibu likitoka, hata likiwa kwamba unga hausaidii, nitakuja kuwaambia."

"Njoo," alisema Bi Mahira. "Unga mtupu, lakini mimi umenibakishia mwanangu."

Mwanzo wa mwezi uliofuata, asubuhi, Bi Mahira alikuwa akipakua mbaazi. Wateja walikuwa wamejaa mlangoni. Jannat alimwita mumewe kutoka dirisha la juu.

"Faiz, daktari atapiga simu saa nne. Atakuuliza hali ya choo. Nimwambie nini?"

Faiz alikuwa barabarani, anakwenda dukani. Alisimama, akainua uso.

"Mwambie napata kila siku," alijibu kwa sauti kubwa. "Na damu hakuna."

Wateja waligeuka kumtazama. Dirisha la jirani likafunguliwa. Bi Mahira aliendelea kupakua mbaazi. Hakumwambia anyamaze.