Dirisha la Jenerali

Kalamu ilianza kukwaruza saa kumi alasiri, kahawa ikiwa mezani na keki ya plamu haijakatwa. Gerlinde aligeuka. Bintiye Traudl, wa miaka sita, ambaye bado hajui kuandika ila jina lake, alikuwa akiandika kwa mwandiko wa mtu mzima: Sikujua. Niliamriwa.

Mwandiko ule Gerlinde aliujua. Ni wa babake, Jenerali Ottokar, aliyekufa juma lililopita juu ya shuka safi. Huyo ndiye aliyeitia sahihi amri, watu mia tatu wa kijiji kimoja wakapigwa risasi, na mahakamani alipoulizwa habari za watoto akasema koo limemkauka, apewe maji. Akafungwa miaka ishirini, akakaa sita, akaachiwa kwa ugonjwa, na mji ukampokea kwa tarumbeta. Shujaa wa kuua vikongwe.

Siku ya pili ikaja harufu ya dawa ya viatu na udongo mbichi. Siku ya tatu Gerlinde aliificha kalamu, na kidole cha mtoto kikaandika hivyo hivyo juu ya kitambaa cha meza, mstari chini ya mstari, mpaka ngozi ikachubuka na maneno yakawa mekundu, na ubaridi ukaanza kumpanda kutoka kiganjani, ukafika kiwiko, na bado unapanda.

Akamwita Kreszenz, mwosha maiti.

"Alipokata roho mlimfungulia dirisha, roho ipate kutoka?" Kreszenz alinong'ona.

"Nilikataza," alisema mjane wa Jenerali, mamake Gerlinde. "Jenerali hatoki dirishani kama mwizi."

"Basi kabaki ndani kama panya." Kreszenz akalifungua. "Haya, bibi. Mtajie alichofanya. La namna hii haliogopi sala, linaogopa kutajwa."

"Mume wangu alikuwa askari."

"Mama, ubaridi umefika begani," alisema Gerlinde. "Sema."

"Alitii amri."

Gerlinde hakungoja tena. "Baba, uliua. Uliua watoto, kisha ukaomba maji. Toka."

Pazia likavutwa nje kama limeshikwa na mkono, likatulia. Mkono wa Traudl ukapata joto. Akaomba keki.

Kreszenz alikuwa akifunga dirisha waliposikia kalamu ikikwaruza. Mjane ameitoa ilikofichwa, anaandika bila haraka.

"Mama, nini hicho?"

"Barua ya gazeti."

Hakujua. Aliamriwa.

Kreszenz akainama, akautazama mwandiko. Ulikuwa wa mjane mwenyewe.

"Hilo," alisema, akivaa koti lake, "siliwezi."