Aliyeitikia Nyuma ya Ema

Jambo la mwisho walilofanya kama watu wengine ni kumenya viazi. Ema alichungulia maganda ya mumewe, Gideoni, akacheka. "Baba Jeni, kwa mwendo huo tutapika maganda, viazi tuwape nguruwe." Kisha kengele ya wodi ikalia, wakafuta mikono, wakaenda.

Enzi hizo za Mwingereza wote wawili walikuwa wauguzi katika hospitali ya wagonjwa wa akili, nje kidogo ya Makambako. Mchana ule Yoeli, mkulima wa Ipelele, alikuwa amevunja mguu wa benchi na kuwatimua nao wahudumu.

"Nafuata kamba," alisema Kornelio, mkuu wa zamu.

"Kamba ya nini? Hata sijamsalimu."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya Ema. Alisimama mlangoni, ubavu mbele, viganja wazi, korido ya kutokea ikiwa nyuma yake. Kisha alisalimu kwa salamu ya huko, kamwene, ambayo huitikiwa kwa neno lilelile. Mtu wa nyanda zile, awe na hasira kiasi gani, haachi salamu ianguke chini. Akiitikia, mkono hushuka. Ema hakuwahi kumfunga mtu.

"Kamwene, baba."

Yoeli hakuitikia. Alitazama juu ya bega la Ema.

"Mama," alinong'ona, "usimsalimu huyo."

"Kamwene."

Sauti ya mwanamke. Ilitoka koridoni. Gideoni, aliyeshika mlango, aliisikia, akatazama. Korido ilikuwa tupu.

Ema aligeuka. Aliyekuitikia humpi kisogo. Ilikuwa adabu tu.

Yoeli aliruka. Mguu wa benchi ulipita kando ya kichwa cha Ema, ukapiga hewa. Hewa ikalia kama mfupa.

Pigo halikumgusa Ema. Lakini aliyeanguka ni Ema.

Daktari Mzungu hakutafuta jeraha. Alisema muuguzi alimpa mgonjwa mgongo, basi. Gideoni alieleza alichosikia, akaambiwa akapumzike. Yoeli akafungwa kamba, asubiri polisi wa Njombe na kesi ya kuua.

Wanawake waliomwosha Ema hawakuona hata mchubuko. Viganja vyake tu vilikuwa na udongo mwekundu, mbichi kama wa kaburi jipya. Waliviosha. Udongo ukarudi.

Asubuhi, kabla ya polisi, Gideoni aliingia wodini, akamfungua Yoeli kamba.

"Yule aliyeitikia, alielekea wapi?"

Yoeli alisugua vifundo vya mikono. "Hajaondoka, baba."

Gideoni akamtoa kwa mlango wa jikoni, akamwonyesha njia ya Makete, ya kurudi kwao. Kisha akarudi peke yake, akasimama mahali aliposimama mkewe, akaigeukia korido, akaisalimu.