Kabati Alilolitamani Bibi

Kila Jumamosi, baada ya kufua na kupiga deki, Bibi alijifunga kitambaa safi kichwani, akamwita mjukuu wake wa kike, wakaenda kwenye karakana ya fundi wa samani za zamani. Fundi huyo alinunua viti, meza na makabati yaliyotengenezwa babu zetu walipokuwa vijana, akayapiga msasa, akayapaka mafuta, kisha akayauza tena.

Pembeni palikuwa na kabati la mninga mtupu. Lilikuwa refu la kwenda upande, fupi la kimo, lenye droo tatu na miguu minne myembamba iliyotanuka kama ya ndama anayejifunza kusimama.

"Shikamoo, Bibi," alisema fundi. "Umekuja tena kumwona mchumba?"

"Marahaba. Nimekuja, lakini mchumba mwenyewe bado anaringa."

Bibi alipitisha kiganja juu ya ubao. Miaka tisa iliyopita, Babu alipofariki na yeye kuhamia chumba kidogo, kabati lao la namna hii, ila kubwa zaidi, lilikataa kupita mlangoni. Likauzwa palepale barabarani. Sasa vyombo vyake vilikaa kwenye kabati la mbao za kubandika, lililovimba kila mvua iliponyesha. Bibi hakulalamika. Ila mjukuu wake alimsikia akiomba dua jioni. Akishawaombea wagonjwa na wasafiri, alinyamaza kidogo, kama mtu aliyebakiza jambo asilothubutu kulisema.

"Wiki ijayo pesa zikitimia, Mungu akipenda, nitakuja na mkokoteni," alisema Bibi.

"Kawaida yangu unaijua, Bibi. Simwekei mtu. Anayewahi ndiye anayechukua."

Hata hawajaondoka, akaingia muuguzi wa zahanati ya jirani. Akalipima kabati kwa futi kamba, akatabasamu. "Fundi, hili nalichukua. Naita mkokoteni, sasa hivi narudi."

Bibi akaenda kuketi kwenye benchi la nje, akasema anapumzisha magoti. Msichana alijua si magoti.

Fundi alipogeuka kutafuta kitambaa cha kufutia, msichana aliinama chini ya meza ya kupigia randa. Palikuwa na unga laini wa mbao. Akachota kidogo, akafungua droo ya kabati, akaumwaga ndani yake. Mara nyingi alikuwa amemsikia fundi akisema kwamba unga wa namna hiyo ni dalili ya wadudu wanaobungua mbao.

Muuguzi aliporudi na mwenye mkokoteni, akavuta droo. "Fundi, hili limebunguliwa."

"Haiwezekani, mama."

"Basi unga huu umenyesha?" Akatoka, mwenye mkokoteni akimfuata huku akinung'unika.

Msichana akafurahi, lakini furaha haikufika mbali. Fundi alilivuta kabati hadi mlangoni, uso umemshuka. "Hata wewe siwezi kukuuzia, Bibi. Itabidi nilipasue liwe kuni, lisije likaambukiza mengine."

Bibi akainuka. "Ulipasue?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

Fundi akausugua ule unga kati ya vidole, akautazama kwenye mwanga. "Ajabu hii. Mninga ni mwekundu. Huu ni mweupe, unga wa msonobari. Kuna mkono umeuweka humu."

"Tulibaki watatu tu hapa," alisema Bibi, "na mimi ndiyo kwanza nainuka kwenye benchi."

Msichana alitazama chini. "Ni mimi, Bibi. Nilitaka libaki lako."

Bibi hakumgombeza. Alimwonyesha barabara kwa kidole. "Mkimbilie yule mama. Umwambie kama ulivyoniambia mimi."

Msichana alimkuta muuguzi kwenye kona ya barabara, akasema yote mbele ya mwenye mkokoteni. "Kumbe mdudu mwenyewe ndiye huyu," alisema mwenye mkokoteni akicheka. Muuguzi hakucheka. Akarudi naye mpaka karakana, akamwona Bibi amesimama kando ya kabati.

"Bibi, kama unalitamani hivi, lichukue wewe."

"Hapana, mwanangu, wewe ndiye uliyewahi. Ila usilifute kwa kitambaa kibichi. Kikavu tu, na mafuta kidogo." Kisha Bibi akashika pembe moja, akasaidia kulipakia.

Walirudi nyumbani polepole. "Bibi, umesikitika?" aliuliza msichana.

"Nimesikitika sana. Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Hamu haiui mtu. Nimelala nayo na kuamka nayo miaka tisa, na bado nacheka. Ila kitu ulichokipata kwa kumdanganya mwenzio huwezi kukiombea baraka. Kabati lile ningelitia vyombo, ningelifuta vumbi, lakini kumshukuru Mungu kwa ajili yake, ulimi ungegoma. Ukikitaka kitu, kitake kwa moyo wako wote. Kisipokuja kwa njia ya haki, kiache kiende, na ukisindikize."